Pumzi Iliyokaushwa

Si zamani sana na wala si mbali sana, ila msiniulize ni wapi kwa maana nami nina watoto wa kusomesha, kulikuwa na nchi iliyoendeshwa kwa pumzi. Nchi nyingine huendeshwa kwa katiba, nyingine kwa mafuta, nyingine kwa mikopo. Hii iliendeshwa kwa pumzi ya mtu mmoja, na wananchi wake walikuwa wameridhika, au walisema wameridhika, na mimi si mtu wa kuchungulia kati ya mambo hayo mawili.

Mtu huyo aliitwa Baba wa Pumzi. Jina alilipata siku nchi ilipopandisha bendera yake, pale trekta la kwanza la taifa lilipogoma kuwaka mbele ya wageni. Baba, wakati huo kijana mwenye mashavu mazuri, aliinama akalipulizia bomba la moshi, na trekta likanguruma. Dereva, ambaye alikuwa amezungusha ufunguo wakati uleule, alitaka kueleza jambo, lakini kabla hajafungua mdomo alipewa ubalozi katika nchi moja ya baridi kali na hajarudi mpaka leo. Tangu hapo hakuna kitu kilichohesabiwa halali mpaka kipulizwe. Daraja lilipulizwa, mashine ya kusaga ilipulizwa, maharusi walipulizwa. Mtoto ambaye hajapulizwa alihesabiwa kuwa bado yumo tumboni, na hilo lilileta usumbufu kidogo wakati wa kumwandikisha shule.

Baba alipozeeka na kifua kikaanza kuchoka, iliundwa Wizara ya Pumzi. Kila asubuhi alipuliza ndani ya mipira ya baiskeli, ile ya ndani ya tairi, na mipira hiyo ikapelekwa mikoani kwa pikipiki zenye ving'ora. Wapo waliosema kwamba mipira ya mikoa ya mbali ilikuwa ikijazwa njiani kwa pampu ya fundi fulani. Mimi sisemi kitu, nasema tu kwamba fundi huyo alijenga ghorofa.

*

Katika nchi hii aliishi Bi Ruzuna Shaame, mkemia wa Kiwanda cha Taifa cha Usingizi. Jina ni kubwa, lakini kiwanda chenyewe kilikuwa vyumba viwili nyuma ya hospitali kuu, na wafanyakazi wote walikuwa Bi Ruzuna. Wenzake walishahamia Wizara ya Pumzi, ambako kulikuwa na posho ya kifua. Hapo awali dawa ya nusukaputi ilitoka ng'ambo, mpaka Bunge lilipogundua kwamba mgonjwa aliyelazwa kwa dawa ya kigeni huota ndoto za kigeni. Mbunge mmoja alisimama akieleza kwa uchungu jinsi shangazi yake, mama wa heshima zake, alivyotolewa kidole tumbo na akaota yumo ndani ya treni iliyofika kwa wakati. Dawa ya ng'ambo ilipigwa marufuku siku hiyohiyo, na Bi Ruzuna akaagizwa atengeneze ya nyumbani.

Akaitengeneza. Sitaki kuwachosha kwa kemia, lakini hapa naomba mnivumilie, kwani mtu asiyeelewa hili hataelewa kilichompata mama wa watu. Dawa ile ni ya jamii ya barbiturati. Kwa asili yake ni tindikali hafifu, nayo haipatani na maji hata kidogo: ukiimwaga majini inazama na kukaa chini, na huwezi kumdunga mtu mchanga mshipani. Kwa hiyo mkemia huipa sodiamu, ikageuka chumvi, na chumvi hiyo huyeyuka vizuri mpaka maji yakawa maangavu unaona upande wa pili. Lakini inayeyuka kwa sharti. Maji yabaki na ukali ule wa magadi, haya haya magadi mnayoyatia kwenye maharage, ila yamesafishwa. Ukitia uchachu wowote, tone la limau tu, dawa inakumbuka ilikotoka, inaachana na maji na kuanguka vipandevipande.

Na uchachu haumo kwenye limau peke yake. Umo vifuani mwetu. Hewa tunayoitoa tukipumua, ikiingia majini, inayachachusha kidogo, na kidogo hicho kinatosha. Ndiyo maana dawa hii haiwekwi chupani ikiwa maji. Inawekwa ikiwa unga mkavu, umechanganywa na magadi kidogo ya kuulinda na hewa, chupa inafungwa kizibo cha mpira, na maji safi yanatiwa kando ya kitanda, mgonjwa akiwa amekwisha kulala chali anaangalia dari. Bi Ruzuna alizijua habari hizi tangu chuoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mwenye kusema mambo kama yalivyo, na hiyo si tabia njema mahali pote.

*

Siku chache kabla ya sherehe ya kuipuliza dawa, alikuja Mheshimiwa Debwani, Waziri wa Pumzi, kufanya majaribio. Alifungua chupa ya unga, akavimbisha mashavu, akapuliza. Unga wote uliruka ukamjaa usoni, naye akapiga chafya kubwa, na chafya haimo katika itifaki. Akaagiza papo hapo kwamba dawa iyeyushwe, iwekwe kwenye gudulia kubwa la kioo, na Baba ataipuliza kwa mrija wa fedha ili taifa zima lione mapovu.

Bi Ruzuna alimweleza yote niliyowaeleza ninyi, na kwa upole kuliko mimi. Mheshimiwa alimsikiliza kama wakubwa wanavyosikiliza, jicho moja kwenye saa, na maelezo yalipofika kwenye magadi akacheka mpaka akajifuta machozi. Alisema amewahi kusikia vikwazo vingi vya maendeleo katika maisha yake, lakini kikwazo cha maharage hicho kilikuwa kipya.

Siku ikafika. Bendi ikapiga, kwaya ikaimba, mabalozi wakakaa kivulini na wananchi wakakaa juani. Baba aliletwa kwa kiti, akashikishwa mrija, akapuliza. Mapovu yakapanda. Maji yaliyokuwa safi yakaanza kuingia ukungu, ukungu ukawa mzito, kisha vipande vyeupe vikaanza kushuka taratibu hadi chini ya gudulia. Baba mwenyewe alilitazama gudulia, akamtazama Waziri.

Mheshimiwa Debwani hakupewa uwaziri bure. Alinyanyua mikono akatangaza kwamba kile kinachoonekana ni theluji, theluji ya amani, imeshuka kwa mara ya kwanza katika nchi yetu ya joto kwa pumzi ya Baba. Hakuna mwananchi aliyewahi kuona theluji isipokuwa yule dereva wa trekta, naye hakuwepo. Makofi yakalipuka. Kwaya ikatunga wimbo palepale wenye beti nzuri tu.

Bi Ruzuna alikuwa amesimama karibu na gudulia, akiona kazi yake ya masika yote imelala chini kama ukoko wa uji. Hakukusudia kuhutubia. Alijisemea tu kwamba dawa imeharibika kwa uchachu wa pumzi, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu, nacho hakichagui.

Mheshimiwa Debwani akageuka polepole. "Bi Mkemia, unasema pumzi ya Baba ni chachu?"

Hapo alipewa nafasi. Watu wema wa mstari wa mbele walikohoa kwa makusudi ili jibu lake, kama lingekuwa baya, lisisikike. Lakini Bi Ruzuna akiulizwa swali hujibu swali.

"Yangu pia, Mheshimiwa," alisema. "Ya mtu yeyote."

Neno la kwanza, “yangu pia,” wanasheria walieleza baadaye, lingekuwa tusi la kawaida, na tusi la kawaida lina faini yake ya mbuzi. Hili la pili, “ya mtu yeyote,” ndilo lililokuwa zito. Lilikuwa limekitia kifua cha Baba kapu moja na kifua cha muuza dagaa.

*

Jela za nchi ile zilikuwa zimejaa, na nyingine zilikuwa bado hazijapulizwa, kwa hiyo Bi Ruzuna alipewa hukumu iliyotungwa kwa ajili yake. Kwa kuwa mshitakiwa haioni thamani ya pumzi ya taifa, ilisema, basi na apumue yake. Tangu siku hiyo hakuna raia aliyeruhusiwa kuvuta pumzi ndani ya vyumba vya Bi Ruzuna wala mbele ya dirisha lake. Angeendelea kutengeneza dawa, maana hakuna mwingine aliyejua, na angelala mlemle kiwandani. Mwenye shida naye avute pumzi getini, aje nayo dirishani, aseme kinachosemeka, kisha arudi getini akavute nyingine. Kuhusu kama kusema nako ni kutoa pumzi, mahakama iliona kwamba raia anaweza kumpa mkosaji pumzi iliyotumika, kwa kiasi.

Msicheke sana. Mwanzoni hata Bi Ruzuna alitabasamu. Alifikiri watu wataona upuuzi wa hukumu hiyo, watakuja dirishani wapumue kwa sauti. Hawakuja. Jirani yake wa zamani alipita njia ya mbali akatazama viatu. Mama muuza vitumbua aliacha vitumbua juu ya jiwe, akapiga makofi kumjulisha, akaondoka mbio. Waliokuja kwa shida za kikazi walisema maneno machache yaliyobanwa, macho yamewatoka, mashavu yamefura, kisha wakakimbia. Hakuna aliyeuliza "habari za tangu jana," kwa maana salamu zetu ni ndefu, na pumzi moja haifiki hata kwenye habari za watoto.

Hilo ndilo lililomkata maini. Si njaa, si kufungiwa. Ni kwamba hakuna mtu aliyeweza kukaa naye muda wa kutosha kusema jambo lisilo na maana. Alianza kusalimiana na mizani. Akaiuliza imeamkaje, akaijibu kwa niaba yake, kisha akaona haya, akaifunika kwa kitambaa.

Kila dawa mpya ilipotoka, pikipiki ilikuja na mpira mmoja wa pumzi ya Baba ili Bi Ruzuna alipulizie gudulia mwenyewe. Alilazimika kufanya hivyo, kwa sababu pale kwenye geti la hospitali kulikuwa na mlinzi aliyekagua. Dawa yenye theluji ilipita. Dawa safi, isiyo na theluji, ilionekana wazi kwamba haijapulizwa, nayo ilimwagwa.

*

Mtu pekee aliyekuja dirishani mara kwa mara alikuwa Bwana Usi, mtaalamu wa nusukaputi wa hospitali, mwanamume mrefu mwenye kifua cha pumu. Kwa pumu ile, pumzi yake moja haikubeba zaidi ya maneno matatu. Alitoka getini, akafika, akasema, "Hawalali, Bi Ruzuna." Akarudi getini. Akaja tena. "Nachuja theluji." Akarudi. "Yanabaki maji."

Ilimchukua asubuhi nzima kueleza, na Bi Ruzuna alisubiri kila kipande ameishika fremu ya dirisha. Habari ilikuwa hii. Theluji huziba sindano, tena ikiingia mshipani ni hatari, kwa hiyo Bwana Usi huichuja yote. Kinachobaki ni maji ya magadi yenye kumbukumbu ya dawa. Mgonjwa akidungwa, haoni hata lepe la usingizi. Hospitali ilipopeleka malalamiko wizarani, lilirudi agizo: mgonjwa mzalendo hufumba macho. Basi wanalala juu ya meza ya upasuaji, wanafumba macho, wanauma kitambaa, na wanakatwa. Mwenye kupiga kelele anaandikwa kwamba aliota vibaya. Daktari anajua, Bwana Usi anajua, mgonjwa ndiye anayejua kuliko wote, na kila mmoja anamshukuru Baba kwa usingizi mwema.

"Hata watoto?" Bi Ruzuna aliuliza.

Bwana Usi alikuwa amekwishiwa pumzi. Alitikisa kichwa kukubali, akaenda zake.

Siku hiyo Bi Ruzuna hakula. Alikuwa amesomea kazi ya kuwaondolea watu maumivu, na sasa jina lake lilibandikwa kwenye chupa iliyowadanganya. Alilia kwa hasira, hasira ya mtu asiye na wa kumgombeza.

Siku nyingine Bwana Usi alileta habari iliyomgusa karibu zaidi. Kwenye orodha ya watakaopasuliwa wiki ile lilikuwemo jina la Salmini Shaame. Ngiri.

*

Salmini alikuwa kaka yake, na alikuwa kila kitu alichobaki nacho. Wazazi wao walifariki Ruzuna akiwa hajaota meno ya pili. Salmini alimlea, akapiga pasi nguo za watu mpaka vidole vikafa ganzi, ili mdogo wake asome kemia. Sasa alikuwa mwalimu wa Somo la Pumzi katika shule ya msingi. Alikuwa akiamini. Wengine walipuliziwa wakasema amina kwa ajili ya posho, lakini Salmini aliamini kwa moyo safi, na tangu siku ya hukumu hakuwahi kukanyaga dirishani kwa dada yake. Sheria ilikuwa sheria, na alikuwa akiwafundisha watoto hiyohiyo.

Bi Ruzuna alimtuma Bwana Usi akamwambie aje. Akaja. Alisimama mbele ya dirisha, beji ya Baba kifuani, mashavu yamejaa, mkono mmoja umeshika kinena.

"Kaka, dawa ile haifanyi kazi," Bi Ruzuna alisema haraka. "Utasikia kisu. Waombe waahirishe."

"Nitalala kwa pumzi ya Baba, usinitie hofu," Salmini alisema, na pumzi ikamwishia. Akaondoka akichechemea mpaka getini. Bi Ruzuna alidhani amekwenda moja kwa moja. Lakini alimwona amesimama pale, anahema, kisha akavuta nyingine akarudi na maumivu yake yote.

"Umekonda," alisema. Akaondoka.

Maneno hayo yalimkalia Bi Ruzuna kifuani. Aliwaza juu ya kaka yake amefumba macho, anauma kitambaa, na akiamini kwamba maumivu yale ni upungufu wa imani yake mwenyewe. Hapo akaamua. Wiki ile mpira wa pumzi ulipoletwa, aliutoa nje ya dirisha la nyuma, akafungua kizibo chake, akauacha uvuje taratibu majanini. Majani ya pale, niseme ukweli, yalistawi. Kisha akatengeneza dawa jinsi ilivyopasa kutengenezwa: unga mkavu, manjano kidogo, unanuka kitunguu saumu kwa mbali, na magadi yake ndani. Akaufunga kwenye vichupa.

Ilibaki namna ya kupita getini. Mlinzi alitafuta theluji, na huu haukuwa na maji. Bi Ruzuna alifikiri, akamwambia Bwana Usi la kusema, naye Bwana Usi, mtu asiyewahi kudanganya hata kuhusu umri wake, akaenda nalo. Mlinzi aliinua kichupa kwenye mwanga. Akauliza maji yako wapi.

Bwana Usi akamweleza kwamba hii si dawa iliyopulizwa mara moja kama zile. Hii imepulizwa mpaka maji yote yakakauka. Kilichobaki ni pumzi tupu.

Mlinzi akauliza mbona ina manjano.

"Ni heshima," alisema Bwana Usi.

Mlinzi akasimama sawasawa, akakipigia kichupa saluti.

*

Salmini alilala. Bwana Usi alichanganya unga na maji safi kando ya kitanda, akadunga kidogokidogo, na Salmini aliyekuwa akiimba wimbo wa taifa alikatikia kwenye ubeti wa kwanza, mdomo wazi. Daktari alisita na kisu. Alishazoea wagonjwa wanaokakamaa, na huyu alikuwa amelegea na anakoroma. Aliuliza kama amekufa. Bwana Usi alisema hapana, daktari, hivi ndivyo walivyokuwa wakilala zamani, na wote wawili walitazamana wakawa na haya.

Kabla mshono haujapona, Salmini alialikwa redioni. Bi Ruzuna alimsikiliza kupitia redio yake ndogo, peke yake, amekaa juu ya kreti la chupa. Kaka yake alisema hakusikia kitu. Alisema alifumba macho kumwamini Baba, akafumbua yuko wodini na jua limehama dirisha. Alisema anasikitika kwamba wako ndugu, hata wa damu, wanaokosa imani na pumzi hii, na kwamba anawaombea. Bi Ruzuna alisikia hilo la ndugu wa damu, nalo lilimchoma. Lakini alikuwa amelisikia lile la kwanza, hakusikia kitu, na alicheka kwa sauti chumbani mle kwa furaha, akatazama huku na huku kutafuta mtu wa kumwambia.

Taifa likalipuka. Wagonjwa wote walitaka pumzi iliyokaushwa. Mheshimiwa Debwani alihutubia Bunge, akasema nchi zilizoendelea zimekausha maziwa na samaki, lakini sisi tumekwenda mbele yao. Bi Ruzuna akafanya kazi asubuhi hadi jioni. Vichupa vilitoka dirishani kwa makreti, na mipira ikavuja majanini. Bwana Usi alikuja kila siku na maneno yake matatu: "Mama mjamzito kalala." "Mtoto pia, kalala." "Wamelala wote, Bi."

*

Mafanikio katika nchi ile yalikuwa na matata yake, kwani serikali hupenda kuyatembelea. Asubuhi moja Bi Ruzuna alimwona Salmini getini, safari hii amevaa suti ya wizara, mzima, anatembea bila kushika kinena. Alikuwa amepandishwa cheo, kawa Mkurugenzi wa Usingizi. Alileta habari, na aliileta kwa safari nyingi za getini, akitabasamu muda wote na mashavu yake yaliyofura.

Habari ilikuwa msamaha. Baba amemsamehe. Mkosaji aseme neno moja tu mbele ya watu, kwamba pumzi ya Baba haina uchachu, na milango itafunguliwa. Atarudishiwa nyumba yake. Watu watakaa naye, watakula naye. Salmini mwenyewe atakuja kila Ijumaa mchana kama zamani, na amekwisha nunua pweza. Kisha, safari ya mwisho ya getini, akaleta kilichobaki: siku hiyohiyo ya msamaha Baba ataingia kiwandani kwa mara ya kwanza, naye atapuliza pipa la dawa kwa mrija kabla halijakaushwa, na tangu siku hiyo watumishi wa wizara watakaa humuhumu wakipuliza kila pipa, ili pumzi iwe nyingi zaidi.

Bi Ruzuna aliketi. Akaelewa jambo ambalo katika upweke wake wote hakuwahi kulitazama. Vyumba hivi viwili ndivyo mahali pekee nchini ambapo hakuna mkubwa aliyethubutu kuingia kupuliza kitu. Marufuku iliyomfungia yeye ndani ndiyo iliyowafungia wao nje. Wakiingia watu, wataingia na vifua vyao, na theluji itashuka tena, na kwenye ile meza watu watauma vitambaa. Aliyatazama macho ya kaka yake. Alitaka Ijumaa zile. Alizitaka mpaka mate yakamjaa mdomoni, kwa pweza na kwa mazungumzo, kwa mtu wa kumwambia kwamba chumvi imezidi.

"Kaka," alisema, "wakati ule walipokukata, kweli hukusikia chochote?"

Salmini hakuwa na pumzi ya kujibu. Alitikisa kichwa, hapana, na uso wake ulikuwa na amani.

"Basi wapelekee maneno haya, na uyapeleke kama nilivyoyasema. Pumzi ya Baba ni chachu. Ni chachu jana, ni chachu leo, na hata akipuliza taifa zima kwa pamoja itabaki ni hewa ya mzee aliyekula dagaa."

Tabasamu la Salmini lilikufa. Alibaki pale mpaka midomo ikaanza kubadilika rangi, akimtazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua, kisha akarudi getini akavuta pumzi. Bi Ruzuna aliomba moyoni asirudi. Akarudi.

"Nilikulea mimi," Salmini alisema. "Nilikulea mimi, Ruzuna."

Angeweza kumwambia. Maneno mafupi tu yangetosha: ni mimi niliyekulaza. Lakini kaka yake hajui kuficha kitu. Angeyapeleka wizarani siku hiyohiyo kwa moyo wake safi, na mlango ungevunjwa kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo alifunga dirisha. Alisikia hatua zake zikienda, zikasimama, zikaenda tena.

Hukumu mpya ilisomwa jioni kwenye redio: kutengwa maisha, na ukuta ujengwe kuzunguka kiwanda, na mwenye kukaribia ukuta huo akiwa na mapafu yake ashitakiwe. Mwashi alianza kazi kesho yake. Bi Ruzuna alimwomba kupitia tundu aache nafasi ya kreti kupita, na mwashi, aliyekuwa amebana pumzi, alionyesha kwa mikono upana wa kutosha.

Alipobaki peke yake alilia kidogo. Kisha akajifuta uso vizuri, akanawa mikono mpaka viwikoni, akafunga kitambaa mdomoni, kwa sababu dawa ya kuingia mshipani haitaki pumzi wala chozi, akaanza kupima magadi.